Kata simu, usikate dai: uziwi wa kazini na madalali wake Uingereza

Mzee ninayemtembelea Leicester kila Jumamosi ana desturi ya kuihamisha simu kutoka sikio la kulia kwenda la kushoto kila anapopigiwa, kwa kuwa la kushoto ndilo lililobakiwa na nguvu kidogo. Jumamosi moja nilimkuta ameshika simu ya mezani kwa mikono miwili, ameinamisha kichwa, anaitikia ndiyo kwa Kiingereza kila baada ya sentensi chache. Nilihesabu ndiyo nne. Alipomaliza nilimwuliza alikuwa akizungumza na nani. "Sijui, mwanangu," akanijibu, "ila ni kijana mwenye adabu, ameniuliza hali yangu." Kijana yule alikuwa akitafuta watu waliopata uziwi kwa sababu ya kelele za kazini, na mzee wangu, aliyesimama mbele ya mashine za kufuma soksi na sweta tangu 1976 hadi 1998, hakuwa amesikia hata nusu ya alichoulizwa.

Simu za namna hii zimekuwa sehemu ya maisha ya wastaafu wa Uingereza kwa zaidi ya miaka kumi, na ushauri unaotolewa na karibu kila mtu ni mmoja: kata simu. Ushauri huo ni sahihi, nami nautoa vilevile. Lakini unaishia njiani. Mzee aliyefundishwa kwamba simu zile ni za matapeli hujifunza pia, bila mtu yeyote kukusudia, kwamba jambo lenyewe linalozungumzwa ni utapeli, na kwamba mtu mwenye heshima zake hadai fidia ya masikio. Hapo ndipo ninapoona hasara kubwa kuliko usumbufu wa simu yenyewe, kwa sababu uziwi wa kazini ni dhara la kweli, sheria inaitambua haki ya kulipwa, na haki hiyo ina muda wake wa kuisha.

Anayepiga simu ile si wakili, na mara nyingi hata si mwajiriwa wa ofisi ya wakili. Ni dalali. Kazi yake ni kupata jina, namba, na majibu mawili matatu yanayoonyesha kwamba huyu anaweza kuwa mdai, kisha kuliuza jina hilo kwa kampuni ya madai, ambayo nayo hulipeleka mbele. Tangu Aprili 2013 sheria ya Uingereza na Wales imewakataza mawakili kulipa ada ya kuletewa wateja katika madai ya majeraha ya mwili. Badala ya kuufunga mlango, katazo hilo lilisababisha watu watafute madirisha, na biashara ikajipanga upya kwa mikataba ya matangazo na huduma nyingine. Kipindi hichohicho faida ya madai ya ajali ndogo za barabarani ilibanwa, na wale waliokuwa wakiishi kwa kupiga simu kuhusu shingo zilizotikiswa wakahamia kwenye masikio. Madai ya uziwi yaliwafaa, kwa kuwa mfanyakazi mmoja huwa amepitia waajiri kadhaa, kesi inakuwa ndefu, na malipo ya mawakili wakati ule mara nyingi yalizidi fidia aliyopata mwenye masikio.

Maneno ya dalali huanza karibu kila mara kwa namna moja: kumbukumbu zetu zinaonyesha kwamba uliwahi kufanya kazi mahali penye kelele. Kumbukumbu hizo hazipo. Hakuna daftari la umma linaloorodhesha nani alifanya kazi kwenye kelele, na mamlaka ya mapato, HMRC, haigawi historia ya ajira ya mtu kwa wapita njia. Alichonacho dalali ni orodha ya namba aliyoinunua, pengine kutoka kwenye fomu ya bahati nasibu mtandaoni ambayo mtu alitia alama kwenye kisanduku bila kusoma, na pengine anakisia tu kwa kuwa anapiga katika mji wa viwanda na sauti iliyopokea ni ya mtu mzima.

Swali linalofuata ndilo linalowanasa watu, kwa kuwa ni swali la kweli. Huuliza kama ulilazimika kupaza sauti ili mwenzako akusikie. Mamlaka ya afya na usalama kazini ya Uingereza, HSE, hutumia kipimo kinachofanana na hicho: ikiwa watu wawili waliosimama umbali wa takriban mita mbili wanalazimika kupaza sauti ili wazungumze kwa kawaida, hata kwa sehemu tu ya siku, basi kelele ya mahali pale inahitaji kuchunguzwa. Mzee anaposikia swali hilo, anakumbuka. Anakumbuka wenzake waliojifunza kusomana midomo, na msimamizi aliyekuwa akimgusa bega kwa sababu kuita hakukuwa na maana. Hivyo anajibu ndiyo kwa moyo wote, akidhani anazungumza na mtu anayejua habari zake.

Kuna jambo ambalo sijaona likizingatiwa vya kutosha na wanaoandika kuhusu simu hizi: simu ndicho chombo kibaya kuliko vyote cha kumhoji mtu aliyeharibiwa masikio na kelele. Kelele huua kwanza seli za sikio la ndani zinazopokea sauti nyembamba, zile za hezi 3,000 hadi 6,000, na ndiyo maana kipimo cha usikivu cha mtu wa namna hii huonyesha shimo karibu na hezi 4,000, kisha mstari hupanda tena kidogo kwenye hezi 8,000. Irabu husikika, kwa kuwa ni sauti nene zenye nguvu, ila konsonanti nyembamba hupotea. Kwa Kiswahili, saa, taa, kaa na faa huwa neno moja, na fika haitofautiani na shika. Nyumbani mtu hujiokoa kwa kutazama midomo na kwa kujua mazungumzo yanahusu nini. Kwenye simu ya mezani ya kawaida, hakuna mdomo wa kutazama, na laini yenyewe hupitisha sauti za kati ya hezi 300 na 3,400 tu, yaani hukata palepale ambapo sikio limeshakatwa. Ongeza juu yake lugha ya pili na msemaji anayekwenda mbio.

Mtu aliye katika hali hiyo hufanya wanachofanya viziwi wengi: huitikia. Huitikia kwa sababu amechoka kusema "rudia tafadhali", kwa sababu ya aibu, na kwa sababu sauti ya upande wa pili inapanda mwishoni kama sauti ya mtu anayesubiri ndiyo. Kwa hiyo ulemavu uleule ambao dalali anadai kuutafutia fidia ndio unaomwezesha kupata ridhaa ambayo haikuwahi kutolewa. Mimi silioni jambo hili kuwa dogo, na sidhani kwamba linafaa kuwekwa fungu moja na simu za kuuza madirisha.

Zile ndiyo nne huenda zimerekodiwa, nazo zaweza kumrudia mwenyewe. Katika madai ya majeraha, mdai anayeshindwa kwa kawaida hatakiwi kulipa gharama za upande wa pili, na kinga hiyo ndiyo inayomwezesha mtu wa kipato kidogo kwenda mahakamani. Kinga huondoka mahakama ikiona kwamba mdai hakuwa mkweli katika msingi wa dai lake, na tangu 2015 sheria inaielekeza mahakama kulitupa dai lote la mtu wa namna hiyo, hata sehemu iliyo ya kweli, isipokuwa kama kufanya hivyo kungemwonea kupita kiasi. Fikiria basi fomu iliyojazwa na kijana wa simu, akaandika kwamba mzee hakuwahi kupewa vizibo vya masikio, ilhali alipewa miaka ya mwisho. Mzee hakusema hivyo. Aliitikia tu. Siku ya kuulizwa, jina na saini vitakuwa vyake.

Tena kuna muda. Dai la namna hii lina miaka mitatu, inayohesabiwa tangu siku mtu alipojua, au alipopaswa kujua, kwamba usikivu wake umepungua kiasi cha kutosha na kwamba huenda chanzo ni kazi yake. Mahakama ina uwezo wa kuurefusha muda huo, lakini hakuna anayepaswa kulitegemea hilo. Mawakili wa kampuni za bima hutafuta siku ya ujuzi popote: katika jalada la daktari, katika barua, katika neno alilomwambia mtoto wake. Mtu aliyekwisha kuambiwa na wageni kumi kwamba masikio yake yaliharibiwa na kiwanda, akawakatia wote simu bila kufanya lolote, atakuwa na kazi ya kueleza kwa nini alikaa kimya. Ndiyo maana nasema kukata simu peke yake hakutoshi.

Sheria haijalala kabisa. Tangu Septemba 2018 ni marufuku kupiga simu za kutangaza huduma za madai kwa mtu ambaye hakumruhusu mpigaji mwenyewe kwanza, na Aprili 2019 usimamizi wa kampuni za madai ulihamishiwa kwa FCA, mamlaka inayosimamia huduma za fedha. Simu za sauti iliyorekodiwa zilihitaji ruhusa hata kabla ya hapo. Mawakili nao, kwa kanuni zao wenyewe, hawaruhusiwi kuwaendea watu wasiowaita. Maana yake kwa msomaji ni rahisi, na ni silaha nzuri: anayekupigia bila wewe kumruhusu, akazungumzia fidia ya uziwi, ameshavunja sheria kabla hajamaliza salamu. Hakuna haja ya kupima kama huyu ni mwema au mbaya.

Shida iko kwenye utekelezaji. Mwaka 2016 ofisi ya kamishna wa habari, ICO, iliitoza faini ya pauni 250,000 kampuni moja iliyopiga simu milioni 17.5 kutafuta wadai wa uziwi wa kazini. Gawanya mwenyewe: ni chini kidogo ya peni moja na nusu kwa kila simu. Kampuni za aina hiyo zilikuwa na mazoea ya kufilisika mara faini inapotangazwa, na wakurugenzi kufungua nyingine kwa jina jipya, hadi mwishoni mwa 2018 sheria ilipobadilishwa ili mkurugenzi aweze kutozwa yeye binafsi. Kujiandikisha kwenye TPS, orodha ya wasiotaka kupigiwa simu za matangazo, ambayo ni bure na huchukua hadi siku 28 kuanza kazi, hupunguza simu za wale wanaoiogopa sheria. Anayepiga kutoka nchi nyingine huku akionyesha namba ya mtaani kwako haiogopi. Hata hivyo namba hizo ziripotiwe, kwa ICO au kwa kutuma ujumbe kwenda 7726, namba ya kuripoti simu za usumbufu, kwa kuwa faini kama niliyoitaja huanzia kwenye malalamiko ya watu wa kawaida walioandika tarehe na saa.

Kampuni za bima zina maelezo yao kuhusu haya yote, nazo zimekuwa zikiyatoa kwa sauti kubwa: kwamba madai ya uziwi ni mtindo mpya wa kujipatia pesa za bure. Siikubali picha hiyo. Ni kweli kwamba madalali walileta madai mengi mabovu, na kwamba mengi yalianguka kwa kuwa kipimo kilionyesha uziwi wa uzee tu. Lakini kelele za viwandani hazikubuniwa na madalali. Serikali ya Uingereza yenyewe ilichapisha mwongozo kuhusu kelele na mfanyakazi mwaka 1963, na mahakama iliuchukua mwaka huo kuwa wakati ambapo mwajiri wa kawaida alipaswa kujua hatari, katika kesi ya viwanda vya kutengeneza meli iliyoamuliwa 1984. Wafanyakazi waliokuja baadaye, wakiwemo wengi waliotoka Kampala, Mombasa na Dar es Salaam, hawakuelezwa kilichoandikwa mle.

Wanaowatetea madalali nao husema kwamba bila simu hizo mfanyakazi asingejua haki yake. Hoja hii ina uzito na siwezi kuipuuza, kwa sababu mzee wangu mwenyewe hakuwahi kusikia habari za fidia hadi alipopigiwa. Jibu langu ni kwamba aliyempa habari hiyo alimpa nusu yake, akaificha nusu iliyomhusu zaidi: kwamba fidia za kawaida mara nyingi ni maelfu machache ya pauni, kwamba wakili wa makubaliano ya kutolipwa asiposhinda anaweza kuchukua hadi asilimia 25 ya sehemu kubwa ya fidia hiyo, kwamba bei ya bima ya kesi, ile ya kumkinga mdai na gharama akishindwa, hukatwa juu yake, na kwamba swali la miaka halikwepeki.

Swali la miaka ndilo gumu kwa watu wa Leicester na Nottingham. Katika hukumu ya Aprili 2011 kuhusu viwanda vya kufuma, Mahakama ya Juu iliamua, kwa majaji watatu dhidi ya wawili, kwamba mwajiri wa kawaida ambaye kelele zake zilikuwa kati ya desibeli 85 na 90 hakuwa na kosa kabla ya kanuni mpya kuanza kutumika Januari 1990. Kuanzia hapo, kwenye desibeli 85 mwajiri alitakiwa kumpa vizibo mfanyakazi anayeviomba, na kwenye 90 kuhakikisha vinavaliwa. Tangu Aprili 2006 viwango hivyo vimeshushwa hadi 80 na 85. Tofauti hizo zinaonekana ndogo kwa macho, lakini kila desibeli tatu zinazoongezeka huzidisha nguvu ya kelele mara mbili, kwa hiyo saa nane kwenye 85 ni sawa na saa nne kwenye 88. Kwa mzee aliyeacha kazi 1998, miaka minane ya mwisho inasimama juu ya msingi imara kuliko kumi na minne ya kwanza. Kijana wa simu hakuligusia hilo.

Pia kuna miaka ya kule nyumbani, ambayo watu wetu huiacha kwa kuogopa kwamba itaharibu dai. Mtu aliyefanya kazi kwenye kiwanda cha nguo au bandarini kabla ya kuhama atasema kazi yake ilianza Uingereza. Daktari wa kesi lazima aulize kuhusu kelele zote ulizopitia, na mwajiri wa Uingereza hulipa sehemu ya dhara aliyoisababisha yeye. Kuitaja miaka ya nyumbani hupunguza hesabu, wala hakuifuti. Kuificha ndiko kunakoweza kulimaliza dai zima.

Mambo ya kufanya yenyewe hayana haraka ya siku moja, ila yaanze. Daktari wa familia kwanza, kwa kuwa wakati mwingine ni nta tu, na kwa kuwa NHS, huduma ya afya ya umma, hupima usikivu na kutoa vifaa vya kusaidia kusikia bila malipo, fidia iwepo isiwepo. Kisha historia ya ajira kutoka HMRC, ambayo mtu huiomba mwenyewe. Aliyekuwa mwanachama wa chama cha wafanyakazi aulize huko kabla ya kwenda kwingine, kwani baadhi ya vyama huwahudumia hata wastaafu. Wakili achaguliwe na mdai, na jina lake litazamwe kwenye orodha ya msimamizi wa mawakili. Kiwanda kufungwa si mwisho wa habari: bima ya waajiri imekuwa ya lazima tangu 1972, na kuna ofisi inayosaidia kutafuta nani alikuwa mwenye bima ya kampuni iliyokufa. Aliyekwisha kuweka saini kwa simu au mtandaoni kwa kawaida ana siku 14 za kujitoa, na ajitoe kwa maandishi.

Kilichonichukua muda mrefu zaidi na mzee ni adabu. Kwetu pwani, kumkatia mtu simu akiwa katikati ya maneno ni kumpiga kofi, tena mtu aliyekuuliza hali. Nilipomwambia akate tu, aliniangalia kama niliyemfundisha utovu wa heshima. Tulikubaliana sentensi moja, tukaiandika kwa herufi kubwa kwenye kadi iliyo kando ya simu: mambo haya siyazungumzi kwa simu, kwaheri. Anaisema, halafu anakata, na moyo wake umetulia kwa kuwa ameaga.

Barua ya HMRC ilifika baada ya wiki kadhaa. Tuliifungua mezani, akavaa miwani, akapitisha kidole kwenye safu ya majina ya waajiri hadi kwenye moja ambalo alikuwa amelisahau kabisa, miaka miwili ya katikati. "Hapa," akasema, "hapa ndipo tulipowekewa mashine mpya, na ndipo nilipoanza kusikia ule mlio usiku." Nilichukua kalamu, nikamwomba anieleze taratibu ile mashine ilikuwa umbali gani na mahali alipokuwa akisimama.